Shahada ya Afya ya Jamii: Kupima Kipato cha Mhitimu na Deni la Masomo

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita)



Mnunuzi wa pikipiki huuliza bei, huuliza vipuri, huuliza inakula mafuta kiasi gani, ndipo atoe fedha. Lakini mkopo wa masomo, ambao kwa wengi wetu ni deni kubwa kuliko bei ya pikipiki mbili au tatu, huchukuliwa kwa kujaza fomu usiku mmoja, mwombaji akiwa na hofu moja tu: asije akakosa. Hakuna anayeuliza nitalipa kwa mshahara gani, wala kwa miaka mingapi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kusudi langu leo si kuwatisha msikope. Ni kuwaomba tufanye hesabu ya matanga wakati bado tupo harusini.

Nimechagua masomo ya afya ya jamii kwa sababu mbili. Ni masomo yenye heshima na manufaa makubwa kwa taifa, na pia ni masomo ambayo wazazi wengi huyaelewa visivyo.

Kwanza, tunanunua nini?

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwanangu akimaliza afya ya jamii, si atakuwa daktari?" Jibu ni hapana. Daktari humtibu mgonjwa aliyekwisha kuugua. Mtaalamu wa afya ya jamii hushughulika na watu wengi kwa pamoja kabla hawajaugua: maji wanayokunywa, vyoo, nyama inayouzwa buchani, chanjo za watoto, takwimu za magonjwa, ukaguzi wa wasafiri mipakani na bandarini. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera Machi 2023, waliofuatilia nani alikutana na nani, nyumba kwa nyumba, walikuwa watu wa kazi hiyo.

Katika vyuo vyetu kazi hii ina milango kadhaa. Ipo shahada ya kwanza ya sayansi ya afya ya mazingira, ambayo humwandaa mtu kuwa Afisa Afya Mazingira. Zipo shahada za usimamizi wa mifumo ya afya. Ipo pia shahada ya uzamili ya afya ya umma, ambayo husomwa zaidi na watu waliokwisha kuwa na taaluma nyingine: waganga, wauguzi, wafamasia na maofisa afya wenyewe. Tutazitenganisha, kwa maana deni la shahada ya kwanza na deni la uzamili si deni la namna moja.

Tofauti na daktari ina maana kubwa mfukoni. Daktari aliyekosa ajira serikalini anaweza kuajiriwa katika zahanati binafsi, na siku moja akafungua yake. Afisa afya hana wagonjwa wa kuwatoza. Mwajiri wake mkuu ni Serikali, hasa halmashauri. Baada ya hapo kuna migodi, viwanda vya chakula, hoteli kubwa, taasisi za utafiti na miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Milango ipo, lakini mingi hufunguliwa na mtu mwingine. Anayekopa ili aisomee kazi hii hana budi kulijua hilo mapema.

Pili, deni lenyewe ni la namna gani?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004, na ilianza kazi 2005. Masharti yake yamebadilika mara kadhaa, na mabadiliko hayo yamegusa mifuko ya wengi. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato ya mwajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na pia adhabu ya asilimia 10 kwa mnufaika aliyechelewa kuanza kulipa. Imebaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja.

Maana yake ni kwamba deni hili halizai. Shilingi uliyokopa leo ndiyo utakayoidaiwa miaka minane ijayo, na ada ile ndogo juu yake. Hakuna mkopeshaji wa mtaani wala benki itakayokupa masharti hayo. Kwa hiyo hatari ya mkopo wa Bodi haiko kwenye riba. Iko kwenye mambo mawili: ukubwa wa kipande kinachotoka katika mshahara kila mwezi, na uwezekano wa kutokuwa na mshahara wa kukatwa.

Sasa tufanye hesabu. Takwimu za mkopo na mshahara nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mmoja ataweka zake.

Tuseme binti anasoma miaka mitatu. Kwa ajili ya chakula na malazi anapata shilingi 10,000 kwa siku, siku 240 kwa mwaka: hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, na 7,200,000 kwa miaka mitatu. Vitabu na viandikwa, 200,000 kila mwaka: 600,000. Sehemu ya ada iliyolipwa na Bodi, tuseme 1,000,000 kwa mwaka: 3,000,000. Mafunzo kwa vitendo, jumla 1,200,000. Tukijumlisha tunapata 12,000,000. Ada ya asilimia 1 ni 120,000. Deni lake ni shilingi 12,120,000.

Tazameni vizuri hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya deni si ada ya chuo. Ni chakula na malazi, zile fedha ambazo wanafunzi huziita "boom" na kuzipokea kama zawadi. Simu mpya iliyonunuliwa kwa boom ni simu iliyokopwa.

Tatu, mshahara unabaki kiasi gani?

Tuseme binti huyu ameajiriwa katika utumishi wa umma kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii. Kwa hiyo inatozwa kwenye 760,000, nayo ni 68,000. Kabla ya deni, mkononi angebaki na 668,000.

Bodi inachukua asilimia 15 ya 800,000, yaani 120,000. Mkononi anabaki na 548,000.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Sheria inasema asilimia 15, lakini asilimia hiyo ni ya mshahara wa msingi, si ya fedha inayofika nyumbani. Ukipima 120,000 dhidi ya zile 668,000 ambazo angezishika, ni karibu asilimia 18. Panga bajeti yako kwa asilimia 18, usipange kwa 15.

Na atalipa kwa muda gani? Gawanya 12,120,000 kwa 120,000: miezi 101, yaani miaka minane na miezi mitano, endapo mshahara hautapanda. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 1,200,000, makato ni 180,000 kwa mwezi, naye atamaliza ndani ya miezi 68. Kwa mwenye mshahara wa 800,000, kila milioni moja ambayo hakuikopa inampunguzia zaidi ya miezi minane ya makato. Mzazi anayeweza kuchangia chakula cha mwanawe, hata kidogo kidogo, ajue anamnunulia mwanawe miezi ya uhuru.

Nne, je, ajira isipopatikana?

Hili ndilo swali lililowaleta wengi wenu hapa. Mhitimu hupewa miezi 24 ya kujipanga. Akiajiriwa ndani ya muda huo, makato huanza na ajira. Aliyejiajiri hutakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa deni la mfano wetu, kwa kiwango hicho cha chini, ni miezi 122, zaidi ya miaka kumi. Kwa kijana mwenye genge linalomwingizia 300,000 kwa mwezi, 100,000 ni theluthi nzima ya kipato. Kwa hiyo deni lisilo na riba bado linaweza kuwa zito kwa asiye na mshahara.

Ajira za halmashauri hutangazwa kwa awamu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Ajira za miradi nazo zina tabia yake. Kwa miaka mingi mradi wa UKIMWI au malaria ulimlipa mhitimu vizuri kuliko halmashauri, lakini kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kuitekeleza. Watu wenye shahada, uzoefu na mishahara mizuri walijikuta nyumbani, si kwa kosa lao. Makato yalisimama, deni halikusimama.

Sisemi hayo ili mkwepe miradi. Nasema mshahara wa mradi usipimwe kama wa kudumu. Mwenye mkataba wa miezi 24 kwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, kisha akakaa miezi 12 bila kazi, amepata 36,000,000 kwa miezi 36. Wastani wake ni 1,000,000. Hiyo ndiyo takwimu ya kuweka katika hesabu, na tofauti iwekwe akiba wakati kazi ipo.

Tano, uzamili na mikopo ya benki

Sasa tuje kwa aliyekwisha kuajiriwa anayetaka shahada ya uzamili ya afya ya umma ili apande cheo. Huyu mara nyingi hana mkopo wa Bodi kwa masomo hayo. Huenda benki, au kwa wakopeshaji wadogo. Hapo riba inaingia, na namna ya kuikokotoa ni muhimu kuliko kiwango chake.

Tuseme anakopa 8,000,000 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka. Riba ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, atalipa takribani 289,200 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 2,412,000. Riba ikikokotolewa kwenye kiasi cha awali muda wote, atalipa takribani 342,200 kwa mwezi, na riba itakuwa 4,320,000. Kiwango ni kilekile asilimia 18, tofauti ni zaidi ya shilingi 1,900,000. Kwa hiyo usiulize tu "riba asilimia ngapi?" Uliza: "Nitarejesha jumla ya shilingi ngapi, pamoja na ada zote?" Andikiwa jibu hilo kabla ya kusaini.

Mrudisheni sasa binti wetu mwenye 548,000 mkononi. Akichukua mkopo huu, hata ule wa nafuu, atabaki na 258,800. Katika utumishi wa umma kuna kanuni kwamba makato yasimwache mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,700. Binti wetu tayari amevuka mpaka. Afisa utumishi makini hataupitisha mkopo huo. Na hapo ndipo wengi hukimbilia kwa wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu". Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Asiyeweza kuonyesha leseni asipewe kadi yako, wala namba yako.

Tuseme amepata njia nyingine, amesoma, na mshahara wake wa msingi umepanda kwa 200,000, kutoka 800,000 hadi 1,000,000. Je, amepata 200,000? Hifadhi ya jamii itaongezeka kwa 10,000, bima kwa 6,000, kodi kwa 47,500, na Bodi kwa 30,000. Kinachofika mkononi ni 106,500. Zile 30,000 hazijapotea, zinapunguza deni la zamani, lakini hawezi kununulia unga. Kwa nyongeza ya 106,500 kwa mwezi, mkopo uliomgharimu takribani 10,412,000 utarudi baada ya miezi 98. Mwenye umri wa miaka 28 anaweza kusubiri. Mwenye miaka 52 afikirie mara mbili. Na kama cheti hakitabadilisha ngazi ya mshahara kabisa, basi asome kwa kupenda elimu, lakini asikope kwa matumaini ya kipato.

Sita, maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Chuo na programu vimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Programu, nasema, si chuo pekee.

Je, shahada hii inakubalika kwa usajili wa kitaaluma? Kwa afya ya mazingira kuna baraza la wataalamu lililoundwa kwa sheria ya 2007. Shahada yenye neno "afya" katika jina lake, lakini isiyokufikisha kwenye usajili unaotakiwa na mwajiri, ni mlango uliochorwa ukutani. Uliza pia kama kuna kipindi cha mafunzo kazini kabla ya usajili kamili, na nani hukugharamia wakati huo.

Matangazo ya kazi yanasemaje? Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya mwaka mmoja uliopita, uhesabu ni mangapi yametaja jina la shahada unayotaka. Tangazo la Serikali huandika ngazi ya mshahara badala ya kiasi. Muulize afisa utumishi wa halmashauri ngazi hiyo ni shilingi ngapi.

Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi? Chuo kikikuonyesha mmoja aliyefanikiwa, omba kuzungumza na watano wa kawaida.

Je, ipo njia ya stashahada kwanza? Wapo maofisa wengi walioanza na stashahada ya afya ya mazingira, wakaajiriwa, wakajiendeleza baadaye wakiwa na mshahara. Njia hiyo ni ndefu, lakini deni lake huwa dogo.

Saba, haki na wajibu wa mkopaji

Ukishaajiriwa, mweleze mwajiri wako mara moja kwamba u mnufaika. Naye hutakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28. Makato yakianza, usiamini hati ya mshahara peke yake. Hati inaonyesha kwamba fedha imekatwa kwako. Haionyeshi kwamba imefika Bodi. Omba taarifa ya deni kila mwaka, uilinganishe na hati zako. Ukiona miezi imeruka, andika barua kwa mwajiri, nakala kwa Bodi, ukiambatisha vielelezo. Mwajiri aliyekata na asiwasilishe ndiye anayewajibika, lakini ni wewe mwenye karatasi ya kuthibitisha. Deni likiisha, omba uthibitisho wa maandishi na uhakikishe makato yamesimama. Anayezidishiwa makato anayo haki ya kurejeshewa.

Na ukipata fedha ya ziada huku una madeni mawili, la Bodi na la benki, ielekeze kwenye la benki. La Bodi halizai. La benki linazaa hata umelala.

Ndugu zangu, nisiwaache njia panda. Kwa maoni yangu shahada ya kwanza ya afya ya mazingira kwa mkopo wa Bodi ni jambo la busara kwa kijana anayeipenda kazi yenyewe, aliye tayari kupangiwa wilaya yoyote, na anayekopa kile anachokihitaji tu. Si jambo la busara kwa anayeifuata kwa sababu amekosa udaktari na anadhani atalipwa kama daktari. Na uzamili kwa mkopo wa benki ni sawa pale tu ambapo nyongeza ya mshahara imeandikwa mahali, si pale inapotarajiwa.

Leo mkifika nyumbani, chukueni karatasi moja, mzazi na mtoto pamoja. Upande mmoja andikeni deni lote hadi mwaka wa mwisho. Upande wa pili, mshahara wa kuanzia, makato yote, na kinachobaki mkononi. Gawanyeni, mpate miezi. Kisha mwulizeni kijana: "Miezi hii unaikubali?" Akisema ndiyo akiwa ameiona, mwacheni aende akasome kwa amani. Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari. Na deni bila daftari hukaa bila habari, mpaka siku ya mshahara wa kwanza.